Mama Laurence Aliyemfundisha Sokomutu Kupanda Mti

Mama Laurence Uwimbabazi alipanda mti kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na miwili, mchana kweupe, kikwembe kimekazwa kiunoni, wafanyakazi wenzake wote wamesimama chini wakimtazama. Hakufuata matunda. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto, na mtoto huyo hakuwa wa binadamu. Alikuwa sokomutu wa kike, yule ambaye vitabu vinamwita sokwe, mwenye mwaka mmoja na kitu, aliyekataa katakata kuugusa mti wowote mpaka anayembeba atangulie.

Laurence hakuwa amesomea kazi ile. Alizaliwa katika vilima vya Masisi, katika ukoo wa wafugaji, akaletwa Goma na wazazi wake vita vilipowang'oa kule juu. Aliolewa mtaa wa Murara, akazaa watoto wawili, akawalea, akawaozesha, akamzika mumewe. Nyumba ilipobaki kimya mno, alikubali kazi ya upishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukavu, katika kituo kinacholea wanyama yatima wa msituni. Aliajiriwa kupika bugali na maharage ya wafanyakazi. Wanyama hawakuwa shughuli yake, na mwanzoni aliwaogopa.

Kisha akaletwa yule mtoto. Walinzi wa msitu walikuwa wamemkuta kwenye kizuizi cha barabarani, ndani ya gunia la makaa, kiuno kimeliwa na kamba hadi nyama nyekundu inaonekana. Walimpa jina la Kitoko, maana yake mzuri, ingawa siku ile hakukuwa na uzuri wa kutazama. Siku tatu alikataa chupa. Gradi, kijana wa Kinshasa aliyekuwa muuguzi wa wanyama pale, alimbembeleza usiku na mchana, akakata tamaa. Siku ya nne Laurence alipita uani na sufuria lake. Mtoto akanyoosha mkono, akaishika ncha ya kikwembe chake kilichonuka moshi na vitunguu, asiiachie. Wakajaribu kumbandua, akapiga kelele. Laurence akaweka sufuria chini, akaketi kwenye jiwe, akaomba chupa. Mtoto akanywa.

Tangu hapo sufuria lilipata mpishi mwingine. Kwa miezi kumi na mmoja Laurence alimbeba Kitoko kama wanavyobebwa watoto wa kwao, akalala naye, akaoga huku ameshikwa mguu. Gradi alimweleza kwamba mama wa sokomutu hunyonyesha miaka minne, mitano, na humfundisha mtoto kila kitu: mti upi una tunda, mdudu yupi anaumiza, namna ya kukunja matawi kila jioni yawe kitanda. Kama hakuna mama, hayo yote yanapotea. Ndiyo sababu Laurence alipanda mti. Alipofika kwenye panda ya kwanza, mtoto akajinyoosha juu ya bega lake, akashika tawi, akaenda peke yake.

Alikaa kule miaka minane. Wengine walikuja baada ya Kitoko, na kila mmoja alibebwa, akapandishwa mti, akaachiwa kwenye kundi la wenzake katika msitu uliozungushiwa uzio. Mwaka wa 2021 volkano ilipopasuka na lava kuimeza nyumba ya mama yake mzazi upande wa Munigi, Laurence alirudi Goma. Bikizee hakuwa anaona vizuri tena, na alihitaji mkono wa kumwongoza. Wakahamia Keshero, kwa ndugu mdogo wa Laurence, na Laurence akawa anauza mikate ya mahindi asubuhi na kumwogesha mama yake jioni. Msitu akauhesabu kuwa mambo yaliyokwisha.

Aliyeyafufua mambo hayo ni Bénita, binti wa ndugu yake, aliyekuwa na miaka minane. Siku moja Bénita alirudi kutoka masomoni akicheka, akasimulia jinsi walivyomkimbiza mtoto mmoja mgeni, mkimbizi kutoka vijiji vya juu, asiye na viatu, wakimwita makako, yaani nyani.

Laurence hakumpiga. Alimkalisha mbele yake, akamuuliza makako amemwona wapi. Bénita akasema hajamwona, lakini kila mtu anajua kwamba ni nyama, mnyama mjinga wa porini.

"Basi mi niliona," Laurence akasema. "Ile neno wazungu walituitaka sisi wote zamani, babu yako na nyanya yako. Leo munaitana ninyi kwa ninyi. Kaa chini, nikuelezee yule mwenye niliona."

Akamsimulia habari za Kitoko mpaka giza likaingia. Kesho yake asubuhi Bénita alimfuata yule mtoto mgeni, akampa nusu ya mkate wake. Alirudi nyumbani na ombi: shangazi aje aieleze kalasi nzima.

Shule ilikuwa ya mbao na mabati, imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Direkteri, Papa Modeste, hakuona ubaya. Mwalimu Kamate alikuwa na watoto sitini na watatu na koo lililokauka, akamkaribisha kwa furaha akijua atapumzika nusu saa.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Laurence alisimama mbele akaanza kusoma karatasi aliyoiandika. Kila alipotaja sokomutu, nyuma mtu alijikuna kwapa na kutoa mlio, na kalasi nzima ikaangua kicheko. Kamate alipiga fimbo mezani mara tatu bila faida. Laurence alikunja karatasi yake akaenda zake, na njia nzima hadi Keshero alijilaumu kwa kujifanya mwalimu.

Alirudi baada ya wiki. Safari hii hakuwa na karatasi. Aliomba watoto watoke nje, akawaketisha uani, akanyamaza. Walipochoka kucheka wakanyamaza nao. Ndipo akatoa sauti. Alianza chini, hooo, hooo, kama mtu anayepuliza moto, akaipandisha polepole, akaiharakisha, mpaka ikapasuka kuwa ukelele ambao uliwasimamisha wapita njia barabarani. Akawaambia hiyo ni salamu. Kila sokomutu ana sauti yake, na wenzake humtambua kwa mbali kama mtu anavyoitambua sauti ya mama yake gizani. Akawauliza nani anaweza. Wote waliweza, au walidhani wanaweza. Kwa dakika kumi uani palikuwa hapasikiki kitu kingine, na Papa Modeste alitoka ofisini kuangalia kama kuna hatari.

Hapo akawashika. Aliwaonyesha kwamba sokomutu hana mkia, kwa hiyo si nkima. Aliwapa matawi ya mikaratusi wakajaribu kutandika kitanda kwa kukunja na kusuka, na hakuna kitanda kilichombeba hata mtoto mdogo. Sokomutu, akawaambia, hutandika kipya kila jioni, kwa dakika tano. Aliwapa kijiti na chupa nyembamba yenye asali chini, wachovye, wajue jinsi sokomutu anavyowavua mchwa ndani ya kichuguu. Wiki zilizofuata aliitwa kalasi ya nne, kisha ya tano, kisha shule nyingine mbili. Kila Jumatano akamwachia jirani mama yake, akaenda.

Habari za bonobo, jamii nyingine ya sokwe, alizileta baadaye, na kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hakuwahi kumwona. Hilo alilisema kwanza. Alikuwa na picha moja tu, aliyotumiwa na Gradi kwenye simu, akaenda kuichapisha kwenye karatasi: uso mweusi, midomo ya waridi, nywele zimegawanyika katikati ya kichwa kama zimechanwa kwa kitana. Gradi alikuwa amefanya kazi nao karibu na Kinshasa, na yote aliyoyajua Laurence aliyapata kwake. Bonobo, akawaambia watoto, yuko Kongo tu. Duniani kote hayuko penginepo. Anaishi kusini ya mto mkubwa, na sokomutu anaishi upande wetu na kaskazini, na kwa kuwa hakuna kati yao anayejua kuogelea, mto umewatenga tangu zamani zisizohesabika, mpaka wakawa ndugu wasiofanana tabia. Kwa masokomutu, dume ndiye mkubwa, na kundi moja linaweza kulipiga vita kundi lingine kwa ajili ya msitu. Kwa bonobo, wakubwa ni mama. Makundi mawili yakikutana, mara nyingi huketi yakala pamoja, na ugomvi ukianza hukumbatiana ukaisha.

Wengi wao walijua vita kuliko walivyojua hesabu. Msichana mmoja aitwaye Lucie akauliza kama basi bonobo ni mzuri na sokomutu ni mubaya.

Laurence alikuwa ameliogopa swali hilo. Angeweza kujibu kirahisi, na mwalimu Kamate alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa. Lakini alikumbuka uzito wa Kitoko mgongoni mwake.

"Mi nililea sokomutu," akasema. "Anapigana, ndiyo. Lakini mwenzake akishindwa, niliona mara nyingi mutu wa tatu anakuja kumushika bega mpaka atulie. Anajua kugombana na anajua kupatana. Hatuwezi kumuita mubaya."

Alisema "mutu" bila kukusudia. Watoto hawakucheka. Lakini neno hilo lilifika nyumbani, na kutoka nyumbani likafika kanisani.

Mwenyekiti wa komite ya wazazi alikuwa Papa Cirimwami, shemasi, mwashi mwenye sauti nzito ambaye mikono yake ilijenga nusu ya kuta za mtaa ule. Alimwita Laurence mbele ya komite. Hakumtukana. Alisema wazazi ni Wakristo, watoto wameumbwa kwa mfano wa Mungu, na sasa wanarudi nyumbani wakisema nyama ni mtu. Alitaka mafundisho hayo yakome.

Laurence alikuwa amesali kanisa lilelile miaka yote. Alijibu akiwa amesimama.

"Papa Cirimwami, mi sikufundisha nani alizala nani. Ile Mungu peke yake njo anajua. Mi nafundisha kile niliona na macho yangu. Kama munasema niliona vibaya, twende wote, mukaone."

Aliyasema kwa uchungu tu, bila mpango wowote. Lakini mama mmoja wa komite, ambaye mumewe alikuwa nahodha wa meli ya Goma na Bukavu, aliinua mkono akasema viti kumi na vitano vinaweza kupatikana siku ya kazi. Papa Modeste akasema atatafuta gari la kuwapokea. Cirimwami, aliyebanwa mbele ya watu, akasema ataenda yeye mwenyewe kuwalinda watoto.

Wakaondoka kwa meli asubuhi, watoto kumi na wawili, Bénita na Lucie miongoni mwao, na wakubwa watatu: mwalimu Kamate, Laurence na shemasi. Kamate alikuwa na kazi ya kuwazuia watoto kuning'inia kwenye vyuma. Cirimwami alikuja kukaa karibu na Laurence upande wa nyuma, penye kelele za injini. Walipopita kisiwa cha Idjwi alianza kuzungumza akiyatazama maji.

Alimweleza kwamba yeye ni mzaliwa wa Kalehe, juu, mahali msitu unapoanza. Alipokuwa na miaka kumi na minane yeye na kaka yake walikwenda kuwinda, wakamkuta sokomutu jike juu ya mti na mtoto wake. Kaka yake alikuwa na bunduki.

"Akaanguka, lakini hakukimbia," Cirimwami akasema. "Akachuma majani, akayakandamiza ku kidonda, vile mama yangu alifanyaka mutu akijikata. Damu ikapita. Kisha akatuangalia, akatunyoshea mukono. Hivi." Akaunyoosha mkono wake, kiganja juu. "Kaka yangu akapiga tena. Tulikula ile nyama, Mama Laurence. Na mi nilikula."

Laurence alimuuliza mtoto alikwenda wapi.

"Tulimuuzisha."

Laurence alijua sasa kwamba mtu huyu hakukasirika kwa sababu ya Maandiko peke yake. Kama sokomutu ni nyama tu, basi siku ile Kalehe ilikuwa siku ya mawindo kama nyingine. Kama si nyama tu, ilikuwa na jina lingine. Alimshukuru kwa kumweleza, wakakaa bega kwa bega mpaka Bukavu.

Kituoni Gradi aliwapokea. Alikuwa ameota mvi. Aliwapa wote barakoa na maji ya dawa ya kunawa, kwa sababu mafua ya mtoto wa mtu yanaweza kumwua sokomutu. Aliwaambia wasimame nyuma ya kamba, mbali na uzio, wasirushe chakula. Laurence naye alisimama nyuma ya kamba. Sheria hazikumwacha mtu.

Akatoa ile sauti yake ya salamu. Msitu ukakaa kimya, kisha ukajibu kutoka pande nne kwa pamoja, na watoto wakashikana mikono. Walitokea mmoja mmoja, weusi, wazito, wakubwa kuliko watoto walivyowaza. Dume mmoja alipiga shina la mti kwa miguu likanguruma kama ngoma. Wa mwisho kutoka alikuwa jike mwenye alama ya kovu lisiloota nywele, limezunguka kiuno kizima.

Kitoko alikuwa na mtoto mgongoni. Gradi aliwaeleza kwa sauti ya chini kwamba huyo ni yatima mpya, aliyeletwa miezi sita iliyopita akiwa amekonda, hataki kula. Walikuwa wanatafuta mama wa kumbeba miongoni mwa wanawake wa kituo. Lakini Kitoko alimwona kupitia wavu, akakaa pale siku mbili akimpenyezea vidole, na walipomfungulia, mtoto alimrukia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kitoko alimtazama Laurence. Alimtazama kwa muda, kisha akaketi chini na kumpa mgongo.

Mtoto mmoja akanong'ona kwamba amemsahau. Gradi akatikisa kichwa. Akasema aliyemsahau mtu hampi mgongo. Laurence hakuita tena. Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya barakoa na aliyaacha yaingie. Yeye ndiye aliyeondoka, akasema moyoni, na wa kuondokewa ana haki ya kukasirika.

Baada ya muda, bila kugeuka, Kitoko alipanda kwenye panda ya chini ya mti uliokuwa karibu. Jua lilikuwa bado juu, lakini akaanza kuvuta matawi na kuyakunja, moja juu ya jingine, huku yatima akimtazama kutoka tawini. Akaweka majani laini katikati. Kisha akayapigapiga kwa kiganja, mara mbili, ndipo akamshusha mtoto ndani.

Gradi alicheka kidogo. Alisema wenzake hawapigipigi hivyo. Ni yeye tu, na sasa yule mdogo ameanza kumwiga. Walikuwa wamejiuliza kituoni kaipata wapi tabia hiyo.

Laurence alijua. Kila jioni, kwa miezi kumi na mmoja, alikuwa anakitandika kile kitanda cha matawi kama Gradi alivyomwelekeza, na kila akimaliza, mikono yake, bila yeye kuifikiria, ilikipiga mara mbili, kama alivyopiga mto wa watoto wake Murara, na kama mama yake alivyopiga majani makavu ya kulalia kule Masisi. Alijaribu kuwaeleza watoto hivyo, akaishia njiani, na Bénita akamalizia.

Kitoko alipotoka kwenye kile kitanda aliketi tena chini, safari hii ubavu ubavu, karibu zaidi na uzio. Wakakaa hivyo karibu saa nzima, yeye upande wake na Laurence upande wake, mpaka gari likapiga honi. Papa Cirimwami alikuwa amevua kofia yake na hakuirudisha kichwani hata walipofika bandarini.

Hakutoa ushuhuda wowote kwenye komite. Alisema kwa ufupi kwamba amekwenda, ameona, na mafundisho yaendelee. Lakini Jumatano iliyofuata, Laurence alipokuwa anatoka kwenda Munigi kwenye shule ya mahema ya watoto waliokimbia vita, alimkuta barabarani amevaa shati safi, akiuliza kama anaweza kumsindikiza. Alikaa nyuma ya hema somo zima. Mwishoni akaomba kusema. Akawaeleza watoto wale kile alichomweleza Laurence kwenye meli, kwa maneno machache, bila kujipamba, na mkono akaunyoosha vilevile, kiganja juu.

Watoto hawakumhukumu. Mmoja akamuuliza kama aliomba msamaha. Akajibu kwamba kwa Mungu, ndiyo, na kwa yule mama wa sokomutu alichelewa, kwa hiyo amekuja kuwaambia wao, ili wao wasichelewe. Kisha akakaa, akapangusa uso, na Laurence akaitoa picha ya bonobo ili somo liendelee.

Bado anafundisha. Vita vimesogea na kurudi, shule zimefungwa na kufunguliwa, na kuna Jumatano ambazo hatoki nje. Lakini akipata njia huenda, na mara nyingi shemasi yuko naye akibeba matawi. Maswali yanayomshinda huyaandika, humtumia Gradi. Karibuni Lucie alimuuliza kama bonobo wanajua kwamba ng'ambo ya mto wana ndugu. Gradi alikaa siku mbili kabla ya kujibu, kisha akaandika kwamba hajui, na hafikiri kuna mtu anayejua. Mama Laurence aliupeleka ujumbe huo kalasini jinsi ulivyo, akawasomea, na watoto wakaanza kubishana.